Kikwajuni na Amri ya 1897: Uhuru, Makazi na Hofu ya Kukamatwa

Mtaa wa Kikwajuni, ambao jina lake ladokeza mti wa mkwaju, umo Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoitenga sehemu hiyo na Mji Mkongwe kabla ya kufukiwa. Ng'ambo ilikua kwa wageni: Wanyasa, Wamanyema, Wazaramo, Wangazija na wengineo. Wengi hawakuja Unguja kwa hiari yao. Waliletwa wakiwa watumwa, wala hawakuwa na ukoo wa kuwasemea walipopelekwa mbele ya mwenye mamlaka.

Tarehe 1 Agosti 1890 Sayyid Ali bin Said alikataza biashara ya watumwa, akampa mtumwa ruhusa ya kujikomboa kwa fedha. Kabla mwezi haujaisha ruhusa hiyo ilipunguzwa nguvu, kwani ilielezwa kuwa bwana hatalazimishwa kuipokea fedha hiyo. Basi aliyesikia habari ya kwanza bila ya kuisikia ya pili alikwenda kudai haki iliyokwisha kuondolewa.

Amri kubwa zaidi ni ile ya Sayyid Hamoud bin Muhammad, ya tarehe 6 Aprili 1897. Mara nyingi husemwa kwamba siku hiyo watumwa wote walipata uhuru, lakini sivyo. Amri iliziagiza mahakama za wilaya zisitekeleze dai lolote la bwana juu ya mwili, kazi au mali ya mtu kwa hoja ya utumwa. Na bwana mwenye dai halali alipwe fidia. Kwa hiyo aliyetaka uhuru ilimpasa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba. Asiyejua alibaki alipokuwa. Masuria nao hawakuingizwa katika uhuru huo mpaka mwaka 1909.

Wala kujua nusu ya amri hakukutosha. Aliyekwisha kutambuliwa kuwa huru alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo aliweza kuhesabiwa mzururaji. Katika maneno ya kila siku kuzurura ni jambo la kulaumiwa tu. Katika sheria likawa kosa la kumtia mtu mashakani. Amri ile ile iliyomfungulia mtu mlango mmoja ilimwekea askari kwenye mlango wa pili.

Hapo ndipo yaonekana thamani ya kibanda cha udongo na makuti huko Ng'ambo. Hakikuwa mahali pa kulala tu, bali kilikuwa jibu la swali la askari: "Wakaa wapi?" Lakini ardhi iliyo chini ya kibanda ilikuwa ya mtu mwingine. Kodi ya ardhi ilipopandishwa, watu wa Ng'ambo walikataa kuilipa mwaka 1928. Walioshika msimamo huo walitetea pamoja na fedha zao ule ushahidi wa kuwa wao ni wenyeji wa mahali.

Siku hizi Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 15, yakataza mtu yeyote kukamatwa au kuzuiliwa isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Na Mkataba wa Vienna wa 1963 wataka mgeni aliyekamatwa aambiwe bila kukawia kuwa aweza kumwarifu balozi mdogo wa nchi yake. Hata hivyo, funzo la 1897 halijachakaa: haki isiyoelezwa kwa lugha aijuayo mhusika, kabla hajakamatwa, ni haki ya karatasini.