Kimondo cha Mbozi: zaidi ya miaka 90 ya kubishania tani

Kila inapofika Juni 30, Siku ya Kimondo Duniani, viongozi na wageni hufunga safari hadi Ndolezi, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Hotuba zinasomwa, picha zinapigwa, na tarakimu ileile inatajwa tena: tani 12. Ukirudi nyumbani ukapekua orodha za kimataifa za vimondo, unakuta tani 16. Ukienda kwenye makadirio ya mwanzo kabisa, yalifika tani 25. Kimondo chenyewe ni kilekile kimoja, kimelala palepale, hakijakua wala hakijapungua ila vipande vichache vilivyoibwa na watalii.

Siku yenyewe tumeipokea kutoka Siberia. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2016 kukumbuka Juni 30, 1908, pale kitu kutoka angani kilipolipuka juu ya Tunguska na kulaza miti katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 2,000. Tunguska hawakuokota jiwe kubwa la kuonyesha. Sisi tunalo, tena la chuma, lina urefu wa zaidi ya mita tatu, na bado tunalitangaza kwa takwimu ambayo hakuna aliyeihakiki.

Kwa makala haya nimeegemea zaidi maandishi mawili: ripoti ya wanajiolojia D. R. Grantham na F. Oates iliyotoka mwaka 1931 katika jarida la Mineralogical Magazine, na kijitabu cha Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale Tanzania, kilichochapishwa mwaka 1967. Yote mawili ni kazi za Wazungu, na hilo linaonekana hasa kwenye suala la nani alikiona kwanza.

Katika vitabu, mgunduzi ni W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg, Oktoba 1930. Alikipata kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, sehemu ya juu tu ikiwa imechomoza ardhini. Kwenye simulizi za wenyeji, aliyekikuta ni mhunzi wa Kinyiha aliyekuwa akitafuta chuma cha kufulia majembe. Mimi nipo upande wa mhunzi. Wanyiha walikuwa mafundi wa chuma; mwaka 1965 Beverly Brock na P. W. G. Brock waliandika jinsi walivyoyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, jamaa ya yale ya majirani zao Wafipa. Watu ambao riziki yao inategemea kutambua jiwe lenye chuma hawawezi kupita miaka na miaka kando ya bonge la namna ile wakadhani ni mwamba wa kawaida. Walilijua, na walilipa jina. Walichokosa ni jarida la kuandikia.

Tena, Wamoravian walikuwa na misheni hapohapo Mbozi tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, miaka thelathini hivi kabla ya Nott. Katika orodha za wataalamu, hata hivyo, historia inaanza siku mpima ardhi alipopita.

Maandishi hayohayo yanasema wenyeji hawakuwa na hadithi yoyote ya kimondo kuanguka, hivyo kilianguka zamani sana, kabla ya kumbukumbu ya watu waliopo. Huenda ni kweli. Hakuna shimo lililobaki, jambo linaloashiria miaka mingi ya mvua na mmomonyoko. Ila kuna swali ambalo mwandishi wa habari yeyote angeuliza: aliulizwa nani, kwa lugha gani, na aliyeuliza alikuwa amevaa kofia gani? Mwaka 1930, mzee wa Kinyiha akiulizwa habari za mawe na mtu wa serikali ya kikoloni, jibu la busara lilikuwa kwamba hajui.

Nott akatoa taarifa, na Desemba ya mwaka huohuo Grantham, wa idara ya jiolojia ya Tanganyika, akafika. Hapa ndipo pananivutia kuliko pengine pote katika mkasa huu. Ili kuthibitisha kwamba ni kimondo alihitaji kipande, na kukipata ilimbidi akate kwa mkono, kwa msumeno wa chuma. Inaelezwa kwamba ilichukua saa kumi kutoa kipande cha pembeni chenye upana wa sentimeta kumi hivi. Saa kumi! Jiwe la kawaida ungelipiga nyundo likapasuka. Chuma kilichochanganyika na nikeli hakipasuki, kinakwaruzika tu na kula meno ya msumeno. Mtu anaweza kufikiri mhunzi wetu aliachana nacho kwa kutokujua thamani yake. La hasha. Huwezi kukibomoa, huwezi kukibeba, na hakuna tanuru la udongo la kukimeza kizima.

Vipimo vya maabara vilileta majibu mazuri: chuma kiasi cha asilimia 90, nikeli karibu 8.7, na chembechembe za shaba, fosforasi na salfa. Ukikisugua kikang'aa na kukipaka tindikali, inatokea mistari inayokatana kama ukili wa mkeka. Mistari hiyo huitwa kwa jina la Alois von Widmanstätten, aliyeiona Vienna mwaka 1808, na hutokea pale tu chuma kinapopoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka, ndani ya gimba la angani. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuighushi. Hivyo ubishi wa kama ni kimondo au la ulikwisha mapema. Baadaye kilichimbwa pande zote, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, kisha nguzo ikajengewa zege. Hiyo ndiyo sababu leo unakiona kimekaa kwenye kitako, kimezungukwa na shimo lililochimbwa kwa mikono ya watu, ambalo wageni wengi hudhani lilichimbwa na kishindo.

Turudi kwenye uzito, maana ugomvi wenyewe uko huko.

Hakuna aliyewahi kukiweka kimondo cha Mbozi kwenye mizani. Tani zote zinazotajwa ni hesabu. Unapima urefu, upana na kimo, unakisia umbo, unapata ujazo, unazidisha kwa uzito wa chuma cha namna hiyo, ambao ni karibu tani 7.8 kwa kila mita ya ujazo. Vipimo vinavyotajwa ni urefu wa mita 3.3, upana 1.63 na kimo 1.22. Kingekuwa sanduku lenye pembe nne sawasawa, kingekuwa na tani 51. Lakini hakifanani na sanduku. Upande mmoja umenenepa, mwingine umechongoka, na mgongo una mabonde. Anayesema tani 25 anadai kinajaza karibu nusu ya sanduku hilo. Anayesema 16 anadai theluthi moja kasoro kidogo. Wa 12 anadai chini ya robo. Mabishano yote yako kwenye mkunjo wa ubavu.

Haya yanatokea katika mkoa ambao pengine hakuna unaoushinda kwa kupima uzito. Pale Mpemba, kabla hujaingia Tunduma, malori ya shaba ya Kongo na ya mafuta yanayokwenda Zambia hupanda mizani siku nzima. Semi yenye ekseli saba ikizidi tani 56 kuna maelezo ya kutoa na faini ya kulipa. Tunajua uzito wa shaba ya watu wengine hadi kilo. Chuma chetu tunakikadiria kwa macho.

Na si suala la kujifurahisha, kwa sababu cheo kinategemea hapo. Vijitabu vya wasafiri vingine hukiweka cha nne duniani, vingine cha nane. Kule juu hakuna ubishi: Hoba ya Namibia, karibu tani 60, ndiyo baba lao. Chini kidogo ndiko kwenye msongamano. Kimondo cha Willamette, kilichopo kwenye makumbusho ya historia ya asili jijini New York, kina tani 15.5. Kama Mbozi ni 16, tumewapita Wamarekani kwa kichwa. Kama ni 12, kama tunavyotangaza wenyewe kila Juni, tumejishusha kwa hiari yetu.

Waargentina walipitia hayohayo. Kimondo chao cha El Chaco kilisemwa kuwa na tani 37. Mwaka 2016, baada ya kingine kiitwacho Gancedo kuchimbuliwa jirani na kupimwa kikaonekana na zaidi ya tani 30, El Chaco nacho kikapandishwa mizani. Kikaleta tani 28 na ushei. Tani nane ziliyeyuka mchana kweupe, na kimondo kilichokuwa cha kwanza nchini kwao kikawa cha pili.

Sasa, kuona mahali ambapo uzito haubishaniwi, nenda Tunduma mjini, kwenye mabanda ya gemu. Wengi utawakuta kwenye mpira, hilo halina ubishi. Lakini wapo vijana, hasa wenye simu nzuri na kompyuta, wanaopenda zile gemu ndefu za kuvaa uhusika: unakuwa shujaa, unatembea nchi nzima, unaokota silaha, unapanda ngazi. Chimbuko lake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, ambapo yasiyojulikana yaliamuliwa kwa kurusha dadu. Vimondo vimejaa humo. Katika Final Fantasy VII ya Wajapani, ya mwaka 1997, adui mkuu anakiita kimondo kije kuiangamiza dunia, na kwa muda mrefu wa mchezo unakiona kinaning'inia angani. Kijana wa Mkoa wa Songwe anaweza kukijua hicho kwa undani na asiwahi kufika Ndolezi, safari ambayo basi na bodaboda vinaimaliza siku hiyohiyo.

Kinachonigusa katika gemu hizo ni kisanduku kidogo. Katika Skyrim, iliyotoka 2011, ukiokota kitu chochote unaonyeshwa jina, thamani na uzito wake. Uzito! Hakuna kamati, hakuna makadirio. Mambo hayakuwa rahisi hivyo tangu zamani. Rogue, gemu iliyotengenezwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mnamo 1980, ilimpa mchezaji dawa zisizo na jina na ramani yenye giza. Ulijua dawa ni ya nini baada ya kuinywa, na chumba kilionekana baada ya kuingia. Wengi walijuta kwa kunywa. Hata hivyo, katika Rogue kama katika Skyrim, jibu lilikuwa ndani ya programu iliyoandikwa na mtu aliyekaa kitini. Ujinga wa mchezaji ulikuwa na mwisho uliopangwa.

Ndolezi hakuna aliyepanga. Mfano mzuri ni ukoo wa kimondo chetu. Kuanzia miaka ya 1960, John Wasson wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles na wenzake walivipanga vimondo vya chuma katika makundi kwa kupima kiasi cha gali, germani na iridi vilivyomo. Vya kundi moja huaminika vimetoka katika gimba mama moja. Ili kundi lihesabike kuwa kundi linahitaji vimondo visivyopungua vitano. Mbozi, ambacho katika orodha zao bado kinaandikwa Mbosi kwa s, kimewekwa kapu la visivyo na kundi. Tunajua kimeundwa na nini karibu kwa kila asilimia, ila mama yake hajulikani, na huenda asijulikane hadi ndugu zake wanne waanguke mahali panapofikika. Katika vibao vyote vya kukisifia, sijaona anayelitaja hili, wakati kwangu ndilo la kujivunia kuliko cheo cha nane.

Yaliyofuata baada ya Grantham ni mafupi. Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975 ikapita Mbozi kwenda Tunduma, barabara kuu ikawekwa lami, na wageni wakaanza kuja mmojammoja, wengine na misumeno yao mifukoni. Alama zao ziko kwenye ncha iliyochongoka. Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa, na kimondo kikawa nembo yake isiyo rasmi. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ikakabidhiwa usimamizi, na pakajengwa kituo cha taarifa.

Kukipima kwa kreni kungelazimu kuvunja zege, na sidhani kuna atakayetia saini. Ipo njia nyingine, na vijana wa gemu wanaifahamu. Watengenezaji wa The Vanishing of Ethan Carter, ya mwaka 2014, walipiga picha miamba na majengo halisi kutoka kila upande, programu ikaziunganisha zikawa maumbo kamili ndani ya mchezo. Umbo la namna hiyo lina ujazo unaosomeka, na ujazo ukizidishwa kwa 7.8 unatoa tani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko Mbeya, mwendo wa saa chache. Wanafunzi wachache wenye kamera nzuri wangeumaliza ubishi wa tani 12 na 16 kabla ya Juni 30 nyingine, isipokuwa upande wa chini, uliokalia zege, ambako kamera haifiki. Huko itabidi wakadirie.