Miaka 35 ya chaki: historia ya retreti ya mwalimu wa Kabambare

Sheria ya watumishi wa Serikali ya Kongo iliyotiwa sahihi tarehe 15 Julai 2016 inamfungulia mwalimu milango miwili ya kutoka kazini: kufikisha umri wa miaka 65, au kutimiza miaka 35 ya utumishi. Mlango wa pili ndio wa kuangaliwa vizuri. Kijana wa Kabambare, katika mkoa wa Maniema, anayeshika chaki akiwa na miaka 20 anatimiza 35 ya kazi akiwa na 55, mikono yake ikiwa bado inaweza jembe. Kwenye karatasi, hiyo ni retreti ya mapema, na haihitaji cheti cha daktari wala barua ya kuomba huruma.

Darasani mambo ni mengine. Katika Kongo nzima, na Maniema haiko nje, kuna wazee waliopita miaka 70 ambao wangali wanafundisha watoto kusoma herufi. Hawajakataa kupumzika. Hawakuonyeshwa pesa ya kupumzikia.

Chanzo cha jambo hili kiko nyuma sana, wakati ambapo mwajiri wa mwalimu alikuwa misioni. Kusini mwa Maniema, nchi yenye Waislamu wengi tangu siku za mfanyabiashara Tippu Tip, shule nyingi za kizungu zilisimamishwa na Mapadri Weupe, na Kasongo ikawa vikarieti mwaka 1952 kisha dayosisi mwaka 1959. Serikali ya Wabelgiji ilitoa ruzuku; misioni iliajiri, ililipa, ilifukuza. Ni mwaka 1954 tu, Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni, ndipo shule za Serikali zisizo za dini zilipoanza kufunguliwa kwa watoto wa Kiafrika.

Pensheni nayo ilichelewa. Dekreti ya tarehe 6 Juni 1956 iliunda mfuko wa pensheni kwa wafanyakazi, wale wa migodi na reli wakiwemo. Baada ya uhuru, tarehe 29 Juni 1961, mifuko ya kikoloni iliunganishwa ikawa taasisi moja, INSS. Tangu hapo Kongo ikawa na wazee wa aina mbili. Aliyefanya kazi kampuni alikatwa kidogo kila mwezi na kuwekewa jina lake kwenye mfuko. Aliyefanya kazi Serikalini hakukatwa kitu cha pensheni. Uzee wake ulitegemea hazina ya Kinshasa, mwaka kwa mwaka, kadiri bajeti ilivyoruhusu. Kwa kijana wa wakati ule ilionekana neema, kwani nani anapenda kukatwa?

Tumchukue mwalimu wa kukadiria tu, aliyezaliwa Kabambare mwaka 1955, akaanza kazi 1976. Vita vya waasi wa Simba vya 1964, vilivyofagia Maniema hadi Kindu, vilimkuta mtoto wa shule. Alipoajiriwa, mwajiri wake alikuwa Serikali moja kwa moja, kwa kuwa mwishoni mwa 1974 Mobutu alikuwa ametaifisha shule zote. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilitia sahihi mkataba na makanisa na kuwarudishia usimamizi; Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu kwanza, baadaye na Waislamu. Mwalimu wetu akajikuta na mabwana wawili: kanisa linampangia shule, Kinshasa inamlipa mshahara. Kwa habari ya uzee wake, kila mmoja aliweza kumwonyesha mwenzake kwa kidole.

Sheria ya tarehe 17 Julai 1981 iliweka retreti kwenye miaka 55 ya umri au 30 ya kazi. Ilikuwa sheria nzuri, lakini sarafu ilikuwa imeshaanza kushuka. Sarafu ya zaire ilipozaliwa mwaka 1967, moja ilibadilishwa kwa dola mbili za Marekani. Katikati ya miaka ya 1980 ikaja SECOPE, idara ya kuhesabu na kulipa walimu. Tangu hapo, mwalimu halisi akawa yule mwenye namba ya matrikule, yule anayesemwa ni "mekanize". Asiye na namba alifundisha, lakini kwa Kinshasa hakuwepo.

Kisha pesa ikafa. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilitolewa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ikaja kwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu: faranga moja ni sawa na zaire bilioni 300 za kwanza. Pensheni iliyopangwa kwa tarakimu za 1985 haikununua hata sanduku la kiberiti. Mzee aliyekuwa ameshatoka kazini alipoteza kila kitu bila mtu kumnyang'anya.

Hapo ndipo wazazi walipoingia. Baada ya migomo ya mwanzo wa miaka ya 1990, ilikubaliwa wazazi wachange ili shule zisife, na mchango ukaitwa motivasio, wengine wakasema primu. Ulikuwa uokozi wa haraka, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndio uliofunga mlango wa retreti kuliko sheria yoyote. Mshahara ulipokuwa si kitu, primu ya wazazi ndiyo ilipika chakula, na primu haimfuati mtu nyumbani. Siku anapoacha darasa, inakatika siku hiyohiyo. Mwalimu mwenye akili timamu hakuweza kuomba retreti, hata kama magoti yalikuwa yanamuuma kila asubuhi.

Vita vilimalizia kazi. Kuanzia 1998 hadi 2003 sehemu kubwa ya Maniema ilishikwa na waasi wa RCD waliotawala kutoka Goma, na mishahara ya Kinshasa haikuvuka mstari wa mbele. RCD na wapiganaji wa Mai-Mai wakapokezana Kabambare. Watu walikimbilia porini na mafaili yakabaki ofisini, yakaungua au yakatumika kuwashia moto. Karatasi hizo zina thamani: bila barua ya kuajiriwa, mwalimu atathibitishaje alianza 1976 na si 1986?

Kwa sheria ya 1981, mwalimu wetu wa kukadiria alitimiza miaka 30 ya kazi mwaka 2006, na umri wa miaka 55 mwaka 2010. Hakuna kilichotokea. Kumtoa kulidai alipwe posho ya mwisho wa kazi, kisha pensheni, na kwa Serikali kumwacha kazini kulikuwa rahisi zaidi kuliko kumlipa ili aende. Sheria ya 2016 ikasogeza mstari hadi miaka 65 ya umri au 35 ya kazi. Ile 35 alikuwa ameitimiza tangu 2011; ile 65 aliifikia mwaka 2020.

Jipya la kweli ni CNSSAP, mfuko wa watumishi wa Serikali ulioundwa kwa dekreti ya tarehe 14 Desemba 2015, na kupewa sheria yake kamili tarehe 15 Julai 2022. Sasa mwalimu anakatwa, Serikali inaongeza, na jina linakaa kwenye daftari kama la mtu wa kampuni lilivyokaa tangu 1961. Mjane na yatima nao wana fungu lao. Tofauti ya miaka hamsini na minne kati ya 1961 na 2015 ndiyo historia yenyewe ya wazee wa chaki.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mabishano ni ya aina nyingine. Mwalimu wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Wa Kenya kwa hiari akiwa na 50, na kwa lazima akiwa na 60 tangu 2009, wakati zamani ilikuwa 55. Watanzania waligombana juu ya kikokotoo: baada ya mifuko kuunganishwa mwaka 2018 na kuwa PSSSF, malipo ya mkupuo yalitakiwa kushuka hadi asilimia 25, Rais Magufuli akasimamisha jambo hilo Desemba mwaka huohuo, na Julai 2022 ikawekwa asilimia 33. Mwalimu wa Kasongo akisikia habari hizo redioni anaweza kutabasamu kidogo. Wenzake wanagombania ukubwa wa kipande. Yeye alikuwa bado anangoja sahani.

Umbali nao una bei. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100 hata ukienda kama ndege, na Kindu iko mbali zaidi. Tangu mishahara ilipopitishwa benki, kuanzia 2011, sehemu zisizo na benki zimetegemea Caritas na wengine kupeleka pesa. Mzee anayefuatilia faili lake analipa pikipiki, malazi na fotokopi kabla hajaona faranga ya kwanza.

Septemba 2019 elimu ya msingi ya Serikali ikawa bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilivyotaka. Primu ya wazazi ikaondolewa katika shule hizo, na kamba iliyowafunga wazee darasani ikalegea. Lakini madarasa yalijaa, walimu wapya wakachukuliwa, na wengi wao wakaitwa NU, watu wa kungoja namba. Mwalimu aliyeingia kwenye listi mwaka 2020 akiwa na miaka 25 atatimiza 35 ya kazi mwaka 2055, akiwa na 60, miaka mitano kabla ya kikomo cha umri. Jirani yake wa darasa la pili, mwenye umri uleule lakini bila matrikule, hakatwi kitu, kwa kuwa mshahara wa kukatwa haujafika.