Kamera ndogo inaposhindwa kulenga

Ubatizo haurudiwi eti kwa sababu picha ilitoka na ukungu. Ndiyo maana tunawaandikia ndugu wanaopiga picha za ibada kwa kamera ndogo ya dijitali.

Kamera nyingi za aina hiyo hutafuta mahali ambapo weupe na weusi vinatofautiana, kisha husogeza lenzi mpaka tofauti hiyo ionekane wazi kabisa. Kwa hiyo kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, au kanisa lenye giza, huichanganya.

Tufanye hivi:

1. Tufute lenzi kwa kitambaa laini, kikavu.
2. Tulenge ukingo wa kola, au Biblia iliyo umbali uleule na mtu. Tubonyeze kitufe nusu, tungoje alama ya kijani, kisha, bila kuachilia, tupange picha na kubonyeza mpaka mwisho.
3. Tukiwa karibu mno, turudi nyuma kidogo.
4. Mtu akisogea, tulenge upya.

Tujaribu kamera kabla ya ibada, si mtu akiwa ameshashuka majini. Na picha ikikataa, jina na tarehe viandikwe katika daftari la kanisa. Ndugu huyo amebatizwa, hata kama kamera haikumwona vizuri.