Maine na New Brunswick: Mafuta au Pampu ya Joto?

Jimbo la Maine, Marekani, linapakana na New Brunswick ya Kanada. Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo hutoka kiwanda cha Irving kilichoko Saint John, ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 2019 Maine iliweka lengo la kufunga pampu za joto 100,000 ifikapo 2025. Lengo lilitimia 2023. Pampu hiyo ni kama kiyoyozi kilichogeuzwa: huvuta joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani.

Hesabu ni hii. Lita moja ya mafuta katika boila nzuri hutoa joto sawa na uniti 9 za umeme, yaani kilowati-saa 9. Kwa joto hilohilo pampu hutumia uniti 3 hivi baridi ikiwa ya wastani, na 4 hadi 5 baridi ikiwa kali. Hita ya kawaida ya umeme hutumia zote 9.

Hivyo zidisha bei ya uniti moja kwa 3, kisha kwa 4.5, na kulinganisha na bei ya lita. Mafuta yakiwa nafuu kwenye hesabu ya pili tu, pampu ifanye kazi siku za kawaida na boila iwe akiba ya siku kali.

Kwa wauzaji na wenye malori, nyumba ya namna hiyo hununua lita chache, lakini huzihitaji wakati mmoja na wengine wote, barabara zikiwa na theluji. Ni vyema tangi lijazwe kabla ya Desemba.