Kabla ya intakomu, angalia povu

Wadau, leo naandika refu kidogo. Naanza na makosa yangu mwenyewe, msije mkasema nawahubiria.

Mwaka jana niliweka video ya kufunga intakomu kwa helmeti. Kifaa chenyewe kilikuwa cha bei ya chini, shilingi 4,500. Spika zake zilikuwa nene, zikawa zinanifinya masikio mpaka kichwa kinauma. Basi nikachukua kisu cha jikoni, nikachonga lile povu gumu jeupe lililo ndani ya helmeti, kushoto na kulia, hadi spika zikakaa. Nikatazama kamera nikasema, "Hapo sasa iko fiti, dakika tano tu." Video ikaenda mbali kuliko zote nilizowahi kutoa. Niliringa nayo wiki nzima.

Miezi mitatu baadaye jamaa mmoja wa nduthi akaniandikia. Alikuwa amefuata video hatua kwa hatua, akachonga yake pia. Siku moja jioni gari likamfinya, akaanguka, akagonga ukingo wa barabara kwa upande wa kichwa. Alilazwa siku nne. Hakuniandikia kunilaumu, na daktari hakumwambia kwamba ni kwa sababu ya kuchonga. Alitaka tu kuuliza: "Bro, kwani ile povu ilikuwa na kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo sina mhadhiri wa kuulizia. Nikakaa chini nikasoma mwenyewe. Nilichopata ni historia mbili, moja ya povu na nyingine ya sauti, na ukizijua zote mbili hutapata shida kuchagua intakomu. Video ile nimeshaitoa. Hii ndiyo naweka mahali pake.

Povu lilitoka wapi

Tarehe 13 Mei 1935, huko Dorset, Uingereza, T. E. Lawrence, yule waliyemwita Lawrence wa Arabia, alikuwa akiendesha pikipiki yake ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake. Akakutana ghafla na vijana wawili wa baiskeli, akawakwepa, akarushwa. Hakuwa amevaa helmeti, na siku hizo karibu hakuna mtu wa kawaida aliyevaa. Akafa siku sita baadaye kwa majeraha ya kichwa.

Kati ya madaktari walioitwa kumtibu alikuwako daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Kifo kile hakikumtoka akilini. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Cairns alianza kufuatilia wanajeshi waliokuwa wakipeleka ujumbe kwa pikipiki. Hawa walikuwa wanakufa hata kabla hawajaona adui, wengi usiku, taa zikiwa zimefunikwa kwa hofu ya ndege za mabomu. Mwaka 1941 akachapisha utafiti wake kuonyesha kuwa waliovaa helmeti waliumia kidogo kuliko wasiovaa. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha waendeshaji wake kuvaa. Raia wa kawaida walingoja hadi 1973 ndipo sheria ikawafikia. Hesabu: kutoka Lawrence hadi sheria ni miaka 38. Tukilalamika kwamba watu wa steji ni wagumu kuelewa, tukumbuke na wazungu walichukua muda wao.

Sasa hapa ndipo penye kesi yangu. Zile helmeti za mwanzo zilikuwa ganda gumu, ndani kuna mikanda inayokalia kichwa. Zilizuia kupasuka kwa fuvu. Lakini ubongo hauumii kwa kupasuka kwa fuvu pekee. Huumia kwa kusimama ghafla. Kichwa kinasimama, ubongo bado unasafiri, unagonga ukuta wa fuvu kutoka ndani.

Dawa yake ilitoka Marekani. Charles Lombard, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, alipata hataza mwaka 1953 ya helmeti yenye ganda nje na, ndani yake, safu ya kitu kinachobonyea na kubaki kimebonyea. Ile safu ikibonyea, kichwa kinapata nafasi na muda kidogo wa kupunguza mwendo kabla ya kusimama. Tunazungumza elfu za sekunde, na umbali wa sentimita tatu hivi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na polistireni, ndugu wa lile povu linalokuja na TV mpya kwa katoni. Ndiyo maana helmeti iliyogonga mara moja haifai tena hata kama nje inang'aa. Povu likishabonyea halirudi.

Mwaka 2008 uchambuzi wa Cochrane uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sasa nirudie nilichofanya. Nilichukua kisu nikatoa zile sentimita, upande wa kichwa, pahali mtu akianguka ubavu ndipo hugonga. Na nikawafundisha watu.

Sauti ilitoka wapi

Historia ya pili inaanzia angani. Mwaka 1917, huko Gosport, Uingereza, mwalimu wa urubani aitwaye Robert Smith-Barry alichoka kufundisha kwa ishara za mikono. Ndege zilikuwa wazi, injini inapiga kelele, upepo unavuma, mwanafunzi hasikii kitu. Wakatumia mpira wa kuongelea, bomba linalotoka mdomoni mwa mwalimu hadi masikioni mwa mwanafunzi. Halina betri wala waya. Lilifanya kazi vizuri hata likapewa jina la mji huo.

Baadaye ikaja zamu ya vifaru. Heinz Guderian wa Ujerumani, aliyetumikia kitengo cha mawasiliano katika Vita ya Kwanza, alisisitiza kila kifaru kiwe na redio. Ndani ya kifaru kelele ni balaa, kwa hivyo askari wakavaa maiki za shingoni, zinazochukua mtikisiko wa koo badala ya hewa. Halafu mwaka 1978 Amar Bose, akiwa kwa ndege kutoka Zürich, alikerwa na ngurumo ya injini ikiharibu muziki wake, akaanza kupiga hesabu za jinsi ya kuua kelele kwa kelele nyingine iliyogeuzwa. Mwaka 1986 marubani wa Voyager, ndege ya kwanza kuzunguka dunia bila kutua wala kuongeza mafuta, waliruka na vifaa vya majaribio vya kampuni yake.

Umeona mtindo? Kila mmoja alianza na kelele yake na mtu wake wa kuongea naye. Mwalimu na mwanafunzi. Dereva wa kifaru na kamanda. Hakuna aliyeanza na kifaa.

Pikipiki zilichelewa. Miaka ya 1980, kwa pikipiki kubwa za safari kama Honda Gold Wing, ungeweza kupata mfumo wa waya wa kuongea na abiria wako, pamoja na redio ya CB ya kuongea na wenzako. Ilikuwa tamu, mpaka ushuke usahau umefungwa waya.

Waya uliondolewa na Bluetooth. Jaap Haartsen alianza kuifanyia kazi katika Ericsson, mjini Lund, Sweden, mwaka 1994. Mwaka 1998 kampuni tano zikaungana kuilea: Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba. Ujanja wake ni kuruka. Ndani ya masafa ya gigahezi 2.4 kuna njia 79, na vifaa viwili vinavyoongea huruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, ili visigongane na kelele za vifaa vingine. Mwaka 2004 kampuni ya Cardo ikatoa Scala Rider, kifaa cha Bluetooth kilichotengenezwa kwa ajili ya helmeti. Mwanzo kazi yake ilikuwa simu. Kuongea pikipiki kwa pikipiki kulikuja baadaye.

Lakini Bluetooth ina tabia ya foleni. Mkiwa wanne, wa kwanza ameshikana na wa pili, wa pili na wa tatu, wa tatu na wa nne. Wa pili akisimama kuweka mafuta, foleni imekatika. Ndipo mwaka 2015 Cardo wakaleta meshi kwa Packtalk, watu hadi 15. Kwa meshi kila kifaa ni kama mnara mdogo, kinapokea na kupitisha sauti ya wengine. Mmoja akipotea, sauti inatafuta njia nyingine, akirudi anaingia mwenyewe. Sena nao wana meshi yao. Shida ni kwamba meshi ya huyu haielewani na meshi ya yule. Mkiwa na kampuni tofauti, mnarudi kushikana kwa Bluetooth.

Na sisi je?

Huku kwetu nduthi zilifurika baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya cc 250, mwaka 2008. Zikawa ajira ya vijana waliokosa nyingine, mimi nikiwemo kwa miezi minane. Sheria ya trafiki, baada ya marekebisho ya 2012, inataka dereva na abiria wote wavae helmeti na jaketi la kumeremeta. Mnajua vile huwa.

Hakuna kampuni iliyokaa chini ikamtengenezea mtu wa boda kifaa cha kuongea. Akajitengenezea. Anasukuma kabambe ndani ya helmeti, kati ya shavu na ganda, anaongea na mteja huku anapita katikati ya matatu mbili. Nimefanya hivyo mara nyingi sana. Kwa macho ya Guderian hiyo ni akili. Kwa macho ya Cairns ni kitu kigumu ulichoweka mwenyewe kati ya mfupa wa shavu na barabara. Na bado sikio moja limezibwa na mteja anayeuliza umefika wapi, honi ya lori nyuma huisikii.

Sasa ununue gani

Anza na helmeti. Ukiwa na elfu sita, usinunue helmeti ya elfu moja na intakomu ya elfu tano. Geuza hiyo hesabu.

Tafuta helmeti iliyotengenezwa na mashimo ya spika kwa masikio. Hayo yalikuwepo helmeti ilipopimwa, kwa hivyo povu lilipangwa likiyazunguka. Kipimo kipya cha Ulaya, ECE 22.06, hata kinaangalia vifaa vinavyotengenezewa helmeti fulani. Beba rula dukani. Pima kina cha shimo, pima unene wa spika. Zikikataa kuingia, badilisha spika au uache. Kisu kibaki jikoni.

Halafu jiulize swali la Smith-Barry: unaongea na nani?

Kama ni simu na ramani tu, huhitaji meshi, huhitaji kilomita mbili za masafa. Kifaa cha Bluetooth cha kawaida chenye maiki inayostahimili upepo kinatosha. Usilipie masafa yaliyoandikwa kwa boksi, maana hayo hupimwa pahali peupe. Kona za Mai Mahiu hazijui boksi.

Kama ni wewe na abiria wako wa kila siku, mbili za Bluetooth zinatosha, ila zishikanishe nyumbani kabla ya safari, na mhakikishe vyote vinakubali maji.

Kama ni kikundi cha wanne kwenda juu, mnaosafiri mbali, hapo ndipo meshi inalipa. Kifaa kimoja cha juu kinaweza kupita shilingi 40,000, kwa hivyo kubalianeni kampuni moja kabla yeyote hajatoa pesa. Aliyenunua tofauti kwa sababu ya ofa ndiye mtakayekuwa mkimngoja kila petroli.

Na kwa wote: ukifika kilomita 100 kwa saa, upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha 85 kwa saa nane. Ukiongeza muziki juu ya hiyo kelele ndio usikie, masikio ndiyo yanayolipa. Spika bora ni zile unazoweza kuzisikia kwa sauti ya chini, ukabaki na nafasi ya kusikia honi.

Ombi la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike yote haya. Kama uliwahi kufuata ile video yangu ukachonga povu, tafadhali hiyo helmeti usiivae tena. Usimwachie mdogo wako, usimpe abiria, usiuze. Ipasue utupe. Na kama unamjua mtu aliyeitazama, mfikishie.

Yule jamaa alipona, ameshurudi steji. Pesa iliyotoka kwa ile video haikutosha hata helmeti moja, nikaongeza yangu, tukaenda pamoja Kirinyaga Road, tukakaa dukani nusu saa tukipima mashimo na rula mpaka mwenye duka akacheka. Intakomu yake tutatafuta Disemba. Kwa sasa mteja akipiga, anasimama kando ya barabara, anatoa helmeti, anaongea.