Kipatimu: Nani Alilinda Usiku?

Mwaka mmoja kabla bibi yangu hajafariki, alitembelewa na kijana wa chuo. Kijana alikuwa na adabu zake. Alivua viatu nje, akatoa shikamoo, akakaa mkekani ingawa alikuwa ameletewa kigoda. Kisha akafungua karatasi na kusoma swali la kwanza: bibi anakumbuka nini kuhusu Vita vya Maji Maji?

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Vita vilianza mwaka 1905, na yeye alizaliwa zaidi ya miaka ishirini na mitano baadaye. Akamwambia kijana kwamba ya vita hajui, lakini kama anataka kujua namna nguruwe wanavyoingia shambani mwezi ukishazama, angemsimulia mpaka alfajiri. Kijana akatabasamu, akaandika neno moja au mawili, akayaruka maswali yaliyobaki na kuaga kabla chai haijachemka.

Mimi nilikasirika kuliko bibi. Sasa amelala chini ya mwembe wa ukoo, hasira imepoa, lakini kilichonikera kimebaki palepale. Kijana hakukosea peke yake. Kwa zaidi ya nusu karne, kila anayepanda milima ya Matumbi na daftari huwaendea wazee wetu kama mtu anayekwenda ghalani kuchukua gunia moja analolijua. Akilipata hilo, anafunga mlango. Mengine yote yaliyomo ghalani yanaliwa na mchwa.

Anayetoka Dar es Salaam huvuka Rufiji kwa daraja la Mkapa, akaenda na barabara ya Lindi mpaka Njia Nne, hapo akakata kulia na kuanza kupanda. Pwani inabaki nyuma na minazi yake. Mbele kuna vilima vilivyosongamana, mabonde yenye udongo mzuri, michungwa, mihogo, migomba, na mapango ambayo watu waliyakimbilia kila nchi ilipochafuka. Kipatimu ipo humo, na Nandete, na Kibata. Asili ya Wamatumbi wengi wameshaieleza: watu wa koo mbalimbali waliojibanza milimani, wengine wakiwakimbia wavamizi Mafiti, wengine wakiikimbia misafara ya watumwa iliyoteremka kwenda Kilwa Kivinje. Sitairudia hapa. Itoshe kusema kwamba hawa hawakuwa watu waliokuwa wakimngoja Mjerumani awafundishe kilimo cha kuuza. Walikuwa na ufuta wao, walikuwa na mpira wa porini, na njia za kufika kwa wafanyabiashara wa pwani walizijua kabla akida hajawekwa Kibata.

Ndipo ikaja pamba. Kuanzia mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya kulimwa kwa pamoja chini ya majumbe, na watu wakalazimishwa kuyafanyia kazi. Yaliyofuata kila mtoto wa shule ameyasoma: mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji yake ya dawa, na habari iliyopita kwa kunong'ona kutoka kilima hiki hadi kile. Mwezi Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba, wakang'oa mashina machache. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita vilienea kusini yote mpaka Ungoni, na Wajerumani wakavimaliza kwa kuchoma vyakula. Hesabu yao wenyewe ilisema wamekufa watu 75,000. Gilbert Gwassa, aliyevitafiti vita hivi kuliko mtu yeyote wa kizazi chake, alitaja kati ya 250,000 na 300,000.

Nataka kusimama kwenye yale mashina machache. Hayo ndiyo yanayonikalisha macho usiku.

Von Götzen aliandika kitabu chake, kikatoka mwaka 1909, na humo waganga na ushirikina wanabeba mzigo mkubwa wa lawama. Hilo halishangazi, gavana atasemaje kwamba watu wake wamechoshwa na yeye? Baada ya uhuru wanahistoria wetu waliligeuza jambo. Walisema huu ulikuwa umoja wa makabila, mbegu ya taifa. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatuletea tamthiliya ya Kinjeketile, na tangu hapo jina la mganga wa Ngarambe hutamkwa na wanafunzi wengi kama lilivyo jukwaani, si kama lilivyo Umatumbi. Sina ugomvi na tamthiliya; ni kazi ya sanaa na ilifanya kazi yake. Ugomvi wangu ni na mazoea yaliyofuata. Shamba la Nandete likageuka jukwaa. Waliong'oa pamba wakageuka mashujaa wasio na kaya, wasio na wake, wasio na mihogo ya kupalilia. Lakini mtu anayeng'oa shina kwa mkono ni mkulima. Ameshika shina kama anavyolijua, chini karibu na udongo. Na aling'oa pamba hiyo wakati ilipokaribia kuchumwa, yaani wakati alipojua kwamba ataitwa tena, zamu nyingine, na kazi ya kwake ikisubiri.

Nasemaje hivyo kwa uhakika? Kwa sababu wazee walisema.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake wakakusanye masimulizi ya vita hivi kwa wazee. Miaka hiyohiyo Gwassa na John Iliffe walichapisha ushahidi wa wazee wa kusini katika kijitabu chembamba. Kazi zile naziheshimu. Bila hizo, leo tungekuwa na gavana peke yake. Lakini hebu soma maelezo ya Mzee Ndundule Mangaya wa Kipatimu ndani ya kijitabu hicho, halafu uniambie anazungumzia nini.

Aliulizwa juu ya pamba. Anaanza pale tunapotarajia: kazi ilikuwa ya zamu, siku kadhaa kwenye shamba la Samanga Ndumbo, siku nyingine kwa jumbe. Kila kaya ilitoa mtu mmoja. Ukirudi Samanga, zamu ya jumbe inakungoja. Kulikuwa na wafyekaji, walimaji, wapandaji, wapaliliaji, wachumaji, na wa kubeba marobota kuyapeleka pwani. Viboko vilikuwa vya wote. Hata jumbe na akida wakikosea walichapwa, na mzee anataja usawa huo kwa kejeli kavu kama kuni za kiangazi. Bakshishi ikitoka, inaishia kwa akida au jumbe.

Hapo ndipo vitabu vingi vya shule vinapofunga ukurasa. Mzee Mangaya hajamaliza. Anaendelea na jambo ambalo kwake ndilo hasa lililowatia watu ghadhabu. Anataja miezi kwa majina ya kwao, Ntandatu na Nchimbi, miezi ya kulima na kupanda, na anasema hiyo ndiyo miezi ya nguruwe. Wakati huo nguruwe ni wakaidi, unawasogelea na hawaondoki. Mwanamke hawezi kuwafukuza vizuri usiku. Ni wachache tu wenye moyo mgumu wanaoweza kuwasaidia waume zao. Mchana kuna ndege, na kama huna watoto ni lazima umsaidie mkeo kuamia. Wakati huohuo unatakiwa kufungua shamba la mahindi ya pili. Na ni katika majuma hayohayo serikali inakutaka uiache nyumba yako uende Samanga.

Huu ni ushahidi wa sababu za vita vikuu vya kusini, na katikati yake yumo nguruwe.

Kwa miaka karibu thelathini nguruwe huyo hakupewa uzito. Aliyemrudisha ni Thaddeus Sunseri, mwaka 1997, katika makala juu ya Uzaramo. Alisema wanaume walipoondolewa na kazi za kulazimishwa na vibarua, wanawake walibaki na mashamba yanayoliwa na wanyama na njaa ikibisha hodi. Kwa hiyo uasi ule lazima usomwe kuanzia nyumbani, si kwenye shamba la pamba pekee. Nilipoisoma hoja hiyo nilitaka kumpigia bibi simu. Nina neno moja tu la kuongeza. Msomi alimkuta nguruwe kwenye majalada na masimulizi, akamchukua kama ushahidi. Kwetu nguruwe ni jirani. Hakuondoka na Wajerumani. Angeulizwa mzee yeyote wa Kipatimu mwaka 1920, au 1950, au mwaka ule kijana alipokuja na karatasi zake, jibu lingekuwa palepale, maana maisha yenyewe yalikuwa hayo: nani analinda usiku?

Na hapa lazima nibishane hata na Mzee Mangaya, Mungu amrehemu. Anaposema wanawake wachache ndio walioweza, anasema kama mume. Huenda ni sauti ya mume aliyekuwa Samanga akiwaza dungu lake limebaki tupu. Sauti zinazosikika zaidi katika kijitabu kile ni za wanaume. Wake zao walikuwa jikoni wakipika chakula cha mgeni mwenye daftari, na wengine, ninavyowajua, walikuwa wakicheka.

Bibi alianza kulinda akiwa msichana. Babu alikwenda kukata mkonge Lindi, akarudi baada ya misimu kadhaa na baiskeli na kifua kibovu. Kwa misimu yote hiyo dungu lilikuwa la bibi. Alilijenga upya mwenyewe kila mwaka, nguzo nne, sakafu ya fito, paa la makuti, ngazi ambayo aliivuta juu akishapanda. Kichwani alikuwa na mpango ambao hakuuandika kokote. Moto mdogo upande wa bonde, kwa sababu nguruwe hutokea bondeni. Debe la kupiga, lakini si kila usiku, maana nguruwe huzoea. Wimbo haufai, nguruwe akishajua kwamba mwimbaji hashuki, anakula huku akisikiliza. Kinachofaa ni kunyamaza, halafu kuruka ghafla na kijinga cha moto. Alikuwa na kovu refu kwenye muundi wa mguu wa kulia, la usiku mmoja alioruka vibaya. Mtoto wake wa pili alizaliwa wiki mbili baada ya usiku huo. Mtoto huyo ni mama yangu.

Alijua majina ya miezi aliyoyataja Mzee Mangaya, na mengine. Alijua ni ukoo gani uliopewa bonde lipi, na kwa ugomvi gani. Alijua udongo wa kuchimba mihogo ya njaa na udongo wa mpunga. Aliyapata kwa mama yake, ambaye alikuwa mtoto mdogo wakati vijiji vilipochomwa, na ambaye aliponea pangoni. Ukitaka Maji Maji, ilikuwa humo: katika kile ambacho mtoto wa pangoni alimfundisha bintiye kuhusu kutomwamini mtu anayekuambia upande kitu kisicholika. Lakini haikutoka kwa swali la moja kwa moja. Ungesubiri chai ichemke. Ungekwenda naye kupalilia.

Yaliyokuja baadaye nayapita mbio, kama yalivyopita yenyewe. Mwishoni mwa 1916 Waingereza na Wajerumani walipigania Kibata, na watu wa milimani wakabebeshwa mizigo ya pande zote mbili. Kusini iliyopungukiwa watu iliachia pori lisogee. Upande wa Ngarambe na Liwale hifadhi ya Selous ilitanuka, na wanyama wakapata serikali inayowatetea. Ikaja TANU, ukaja uhuru. Katika miaka ya 1970 watu wakakusanywa vijijini, kando ya barabara, na mashamba ya mbali yakabaki na walinzi wachache zaidi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, machungwa yakapata njia ya kwenda mjini, na vijana wakaifuata njia hiyohiyo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Songea kuna makumbusho, na kila Februari wanakumbukwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa 1906. Sisi ambao moto uliwaka kwetu kwanza hatuna ukumbi wa ukubwa huo. Watu wengine wa Matumbi hulilalamikia jambo hilo. Mimi nalilalamikia kidogo tu. Ukijengwa ukumbi wa pili wa kuweka mikuki, miezi ya Ntandatu na Nchimbi haitapata kabati.

Ningekuwa na uwezo, ningewatuma tena vijana, kama mwaka 1968, lakini bila swali la vita. Wakakae na wazee waliobaki Nandete, Kibata, Kipatimu, mtu mmoja kwa juma zima. Waulize mwezi huu unaitwaje. Waulize dungu lilijengwaje, nani alikwenda mkonge na nani alibaki, mbegu ya mtama ilitoka kwa nani mwaka wa njaa. Wawaulize wanawake kwanza. Vita vitajitokeza vyenyewe, vikiwa mahali pake ndani ya maisha ya watu.

Wiki iliyopita binamu yangu alinipigia kutoka kijijini. Alianza na salamu, akapitia habari za wagonjwa, kisha akafika kwenye shida yake: nguruwe wamemaliza mihogo ya bonde lote, shamba la bibi likiwemo. Mwanawe mkubwa anaendesha bodaboda Mbagala, mdogo yuko shule ya bweni, na yeye mgongo haumruhusu kulala dunguni. Akaniuliza bibi alikuwa akifanyaje. Nikamwambia habari ya moto upande wa bonde, na debe lisipigwe kila usiku. Akauliza: na usiku wa giza kabisa, mwezi ukishazama?

Nilinyamaza. Hilo bibi alitaka kulisimulia mpaka alfajiri, siku ile ya kijana na karatasi zake. Mimi pia nilikuwepo, nimekaa mlangoni, na sikumwambia aendelee.