Ndimu Juu ya Jiwe la Kahawia

Siku tuliyoenda kutafuta jiwe la jikoni nilibeba ndimu mbili kwenye mkoba. Mama aliziona tukiwa kwa matatu, akaniuliza kama ninampeleka kuchagua kaunta ama kula samaki. Nikamwambia angoje, ataona.

Yadi yenyewe iko Industrial Area, Nairobi. Mabamba ya mawe yamesimamishwa kwenye fremu za chuma, moja nyuma ya lingine, na vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu, hadi kwa viatu vya wafanyakazi. Kijana mmoja akaja mbio. "Karibu mathe. Unataka rangi gani?"

Mama hakufikiri hata kidogo. "Kahawia. Lakini isiwe kama ile."

Kijana akanitazama mimi. Ile gani? Kwetu nyumbani neno hilo halihitaji maelezo.

Mwaka wa 2001 Mama alikuwa akifanya kazi ya nyumba kwa familia moja hapa Nairobi. Jikoni mwao kulikuwa na kaunta ya kahawia iliyokolea, yenye mishipa myeupe myembamba inayokatiza huku na kule. Wenyewe waliiita graniti, na Mama naye akaiita graniti. Asubuhi moja, kando ya sinki, kukaonekana alama za duara mahali ambapo mng'aro ulikuwa umetoka. Mwenye nyumba akaamua kwamba Mama alisugua jiwe kwa stilwaya. Mama alikana. Akakatwa mshahara wa miezi miwili, na wa mwezi wa tatu hakuufikia kwa sababu kazi yenyewe iliisha.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nikakaa wiki mbili nikimtazama akisugua masufuria yetu kwa mchanga na jivu hadi yanawaka. Hapo ndipo, kimoyomoyo, nilipoanza kuwaamini wale watu. Mkono wa Mama ni mzito, nilijiambia, pengine alisugua kweli. Sikuwahi kumwambia.

Nimesoma sana kuhusu mawe tangu nianze kujenga nyumba yake, na kitu kimoja kimenishangaza: watu na mawe ya jikoni wametoka mbali pamoja katika nchi hii. Mwaka wa 1938, Mary Leakey na mumewe Louis walichimba pango moja kando ya Mto Njoro, karibu na Nakuru. Humo walikuta mabaki ya makumi ya watu ambao miili yao ilichomwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Pamoja nao kulikuwa na bakuli za mawe, mawe ya kusagia na michi ya mawe. Wafugaji wale wa kale walimsindikiza maiti wao na vyombo vya kusagia. Jiwe la mtu lilikuwa lake, akiwa hai na hata akifa.

Nyanya yangu pia alikuwa na lake. Lilikuwa jiwe pana lenye bonde katikati, na juu yake jiwe dogo la kushika kwa mikono miwili. Alipiga magoti akasaga wimbi, mgongo ukienda mbele na kurudi. Bonde lile halikuchongwa na fundi. Lilichimbwa na mikono, ya mama mkwe wake kwanza, halafu yake. Hatua mbili kutoka hapo palikuwa na mafiga matatu, na hilo ndilo lilikuwa jiko zima: mawe matano, yote chini.

Kisha ukaja mji. Katika nyumba za walowezi, aliyesimama jikoni mara nyingi alikuwa mwanamume mzima, tena mwenye watoto, na bado aliitwa "boi". Kazi ya nyumbani kwa Wazungu ilianza ikiwa ya wanaume. Wanawake walikuja kuwa wengi baadaye. Jiwe nalo likapanda kutoka chini hadi usawa wa kiuno. Katika nyumba za kawaida likawa saruji iliyosawazishwa, au terazo, ule mchanganyiko wa saruji na vipande vya mawe unaosuguliwa mpaka unateleza. Kama umewahi kupanga keja ya zamani Nairobi, kuna uwezekano umekatia sukuma juu yake. Halafu mabamba ya jiwe zima yakawa yanaingia kwa meli kupitia Mombasa, na kaunta ya namna hiyo ikawa dalili kwamba mtu ameomoka.

Katika mabadiliko hayo yote, kuna jambo lilipotea. Jiwe la Nyanya lilikuwa la yule aliyelitumia. Kaunta ya mjini ina mwenyewe, na ina mtu wa kuifuta, na hao ni watu wawili tofauti. Likitokea doa, tayari inajulikana nani ataulizwa.

Turudi yadini. Kijana alituonyesha mawe matatu ya kahawia. La kwanza linaitwa Tan Brown: linakaribia weusi, na ndani yake mna vipande vya kahawia yenye wekundu, kama kahawa iliyomwagika juu ya makaa. Hilo hutoka wilaya ya Karimnagar, jimbo la Telangana nchini India.

La pili linaitwa Baltic Brown, na huchimbwa kusini-mashariki mwa Ufini. Ukilitazama unaona mabaka ya duara yaliyojaa kote, kila moja na pete yake. Ni jiwe la umri wa zaidi ya miaka bilioni 1.6. Wafini huyaita mawe ya jamii hiyo rapakivi, yaani jiwe linalomomonyoka, kwa sababu yakikaa nje muda mrefu mengine hupukutika na kuwa changarawe. Hata hivyo, nguzo ya Alexander iliyozinduliwa St. Petersburg mwaka wa 1834, kipande kimoja chenye urefu wa zaidi ya mita 25 na uzito wa takribani tani 600, ilikatwa kutoka ukanda huohuo wa miamba. Jina la jiwe halikuambii kila kitu.

La tatu lilikuwa kahawia iliyokolea, laini, lenye mishipa myeupe myembamba. Mama alisimama mbele yake, akanyamaza. Nilijua ameliona.

"Hii ni Emperador," kijana akasema. "Kutoka Uhispania. Granite safi kabisa."

Hapo ndipo nilipotoa ndimu.

Niliomba vipande vya mabaki, kimoja cha kila jiwe. Nikakata ndimu, nikadondosha maji yake juu ya vyote vitatu, tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa kungoja. Graniti imeshikwa na madini magumu kama felspa na kwatzi, na asidi ya ndimu haiyasumbui. Emperador si graniti. Ni marumaru, na sehemu kubwa ya marumaru ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la yai na kwenye chokaa. Asidi ikikigusa, inakila. Ndimu, siki, nyanya, hata soda, vyote vinaweza kutoa mng'aro kwa dakika chache. Alama inayobaki haiwezi kuoshwa kwa sabuni kwa sababu si uchafu. Ni ngozi ya jiwe iliyoliwa. Dawa yake ni fundi kuisugua upya na kuing'arisha.

Baada ya robo saa tukafuta. Vipande viwili vya graniti vilikuwa kama vilivyokuja. Kwenye cha tatu kulikuwa na duara, limefifia, la ukubwa wa shilingi.

Mama alilipapasa kwa kidole gumba. Akalipapasa tena. "Siku hiyo walikuwa na wageni," akasema. "Kulikuwa na samaki. Ndimu zililala hapo usiku mzima, nusu nusu, zimeinamishwa." Kisha, polepole: "Kwa hivyo haikuwa mkono wangu."

"Haikuwa mkono wako, Mama."

Nilitaka kuongeza lile nililolificha tangu darasa la sita. Nilifungua mdomo, lakini yeye alikuwa ameshamgeukia kijana. "Mwanangu, usimwambie mtu tena hiyo ni graniti. Kuna mtu atafutwa kazi."

Kijana akainamisha kichwa. "Sawa, mathe. Pole."

Alichagua Tan Brown, na alichagua kama mtu aliyefuta mawe ya wengine miaka ishirini. Alikataa kuchagua kwa kipande cha sampuli. Akataka bamba lenyewe, litolewe juani, kwa sababu taa za dukani zinadanganya. Akamwagia maji akatazama kama kuna ufa. Akataka kusugua kona kwa kitambaa cheupe chenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, maana mawe mengine meusi hupakwa rangi, na kitambaa kikichafuka ujue umeuziwa rangi. Kitambaa kilibaki cheupe. Halafu akauliza bei, na hapo bargaini ilichukua muda kuliko ndimu.

Sasa jiwe liko kwake, na sheria zake ni chache. Linafutwa kwa maji ya uvuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo, kisha linakaushwa kwa kitambaa laini, kwani maji yetu yakikaukia juu huacha ukungu mweupe. Siki na dawa kali za kusafishia choo hazikaribii: graniti yenyewe ingezivumilia siku moja, lakini zikizoeleka zinaharibu ile dawa fundi aliyoipaka kuziba vitundu vya jiwe. Mafuta yakimwagika yanafutwa papo hapo. Sufuria ya moto inakaa juu ya kibao, kwani joto la ghafla linaweza kupasua hata graniti. Na kila baada ya miezi kadhaa anamwaga kijiko cha maji juu yake, anangoja dakika kumi. Maji yakibaki yamejikunja kama tone, sawa. Jiwe likiweka doa jeusi, limeanza kunywa, na fundi anaitwa kulipaka upya.

Jiwe la Nyanya tulilitoa mashambani. Liko sakafuni kando ya mlango, kwa sababu Mama amekataa katakata lipandishwe juu ya kaunta. "Litalikwaruza," anasema, ingawa nadhani anapenda tu kuliona chini, mahali pake.

Jumapili ya kwanza alipika samaki. Nilikuwa nimekaa pale mezani, na nikamwambia. Kwamba mwaka ule niliwaamini. Alikuwa amenipa mgongo, kisu mkononi.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unanitazama nikiosha sufuria."

Hakusema zaidi. Alikata ndimu mbili nusu nusu, akazikamulia kwenye samaki, halafu akaziinamisha juu ya jiwe lake, zote nne, akaja kukaa chini tunywe chai.